Chanjo ipo kwenye jokofu, haipo kwenye mtandao

Msomaji wangu, bila shaka umewahi kuambiwa dirishani: "Mama, mtandao unasumbua, subiri kidogo." Kidogo ikawa saa mbili, na saa mbili zikaishia kwenye "njoo kesho." Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu kauli hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna maswali mawili ambayo wazazi huniuliza mara kwa mara. La kwanza: "Daktari, kama taarifa za mwanangu ziko kwenye kompyuta, kwa nini niendelee kuhangaika na kadi?" La pili: "Kama ziko kwenye kompyuta, mbona nimekwenda kituo kingine nikaambiwa mwanangu hayumo?"

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Taarifa za afya za mwanao hazikai mahali pamoja. Nakala moja iko mkononi mwako, nyingine iko kituoni, na ya tatu iko makao makuu. Nakala hizo hazilingani kila dakika, na haziwezi kulingana kila dakika. Kazi ya kuzifanya zilingane ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani, na ikifanywa vibaya anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana nasema mapema: ninaunga mkono kompyuta na vishikwambi kliniki, lakini sitaunga mkono siku mtu atakapokuambia utupe kadi, wala siku utakaporudishwa nyumbani na mtoto mgongoni kwa sababu ya mtandao.

Familia haikai kituo kimoja

Ninafanya kazi Uyole. Kwa asiyepajua, hapa ndipo barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya mjini na Tunduma inapoachana na ile ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Ni njia panda kwa kila maana. Mama anajifungulia mjini, anaanza kliniki Uyole, msimu wa mpunga anahamia Mbarali na mtoto, kisha anampeleka kwa bibi Makete au Rungwe. Baba yuko Mafinga kwenye mbao. Hakuna ubaya wowote katika maisha hayo. Ndivyo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanavyotafuta riziki.

Sasa weka maisha hayo pembeni ya ratiba ya chanjo. Mtoto anapozaliwa anapata chanjo ya kifua kikuu, yaani BCG, na matone ya polio. Anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kisha anarudi akiwa na miezi 9 kwa dozi ya kwanza ya surua na rubella, na miezi 18 kwa dozi ya pili. Ni mahudhurio sita ndani ya mwaka mmoja na nusu. Angalia nafasi zilizopo katikati: kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 inapita karibu nusu mwaka, na kati ya mwezi wa 9 na wa 18 inapita miezi tisa. Hapo ndipo familia inapohama, na hapo ndipo tunapompoteza mtoto.

Si jambo dogo. Dozi ya surua inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya kila 100. Wale 15 waliobaki wanasubiri dozi ya pili. Surua inaambukiza kwa kasi kiasi kwamba ili isipate pa kushika katika jamii, watoto 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa wamepata dozi zote mbili. Kwa hiyo swali la kama dozi ya pili imeandikwa, na kama kituo alichohamia mtoto kinajua, ni swali la kitabibu kabisa. Ninalihesabu sawa na maswali ya dawa.

Kujua idadi na kujua majina

Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vimekuwa vikitumia vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa unayoyaona mezani kwa muuguzi. Mwisho wa mwezi muuguzi anahesabu, anajaza fomu ya muhtasari, fomu inakwenda wilayani, na huko takwimu zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao makao makuu wanausoma.

Mfumo huo umelisaidia sana taifa, lakini unabeba idadi. Wizara inaweza kujua kwamba mwezi uliopita halmashauri fulani ilichanja watoto wangapi dozi ya pili ya surua. Kwa takwimu hizo haiwezi kujua kama mwanao ni mmojawapo. Mtoto aliyehama kutoka Uyole kwenda Mbarali hana jina katika jumla ya mwisho wa mwezi.

Ndipo ikaja hatua ya rejesta ya majina. Katika muongo uliopita Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la PATH katika mpango uliohusisha Tanzania na Zambia, ilitengeneza rejesta ya kielektroniki ya chanjo iitwayo TImR. Mkoa wa Arusha ndio uliotangulia. Badala ya kuhesabu vijistari, muuguzi anamsajili kila mtoto kwa jina lake kwenye kishikwambi, anaona chanjo alizopata na zinazomngoja, na anaweza kupata orodha ya waliopitiliza tarehe ili wafuatiliwe. Ninachopenda zaidi ni kwamba waliobuni mfumo huo walijua wako nchi gani. Waliutengeneza ili muuguzi aendelee kuandika hata mtandao ukiwa haupo. Taarifa zinabaki ndani ya kishikwambi, na mtandao ukirudi zinapanda kwenda kwenye kanzidata kuu.

Kama ulihesabiwa kwenye Sensa ya Agosti 2022, umeshaona jambo hilo kwa macho yako. Karani alikuja na kishikwambi, akakuuliza maswali, akajaza. Hakusimama uani kwako akisubiri minara ya simu. Alichojaza kilitumwa baadaye.

Kitendo hicho cha kukutanisha taarifa za kifaa na za makao makuu mpaka zilingane, wataalamu wa kompyuta wanakiita kuoanisha taarifa. Vituoni tunasema tu "kusinki." Neno linasikika geni, lakini kina mama wa Uyole wanaifanya kazi hiyo kila wiki.

Tazama kikundi chako cha VICOBA

Ukinunua hisa, katibu anaandika kwenye daftari la kikundi, na wewe unaandikiwa kwenye kitabu chako. Kwa nini ziwe sehemu mbili? Kwa sababu wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumejifunza kuongeza kwamba daftari moja nalo linaweza kupotea. Siku ya kikao mnasoma: kitabu chako kinasema hisa kumi, daftari linasema tisa. Hakuna anayechana kitabu chako papo hapo. Hakuna anayelifuta daftari papo hapo. Mnatafuta: ilikuwa tarehe ngapi, nani alikuwepo, nani aliandika? Mkishajua, mnasahihisha, na kila mtu anaona mlivyosahihisha.

Kanzidata nzuri ya afya inafanya vivyo hivyo. Mbaya inafanya kinyume, na nitakueleza sehemu tatu ambapo mambo huharibika.

Ya kwanza ni jina. Mtoto anazaliwa, hajapewa jina, anaandikwa "mtoto wa" na jina la mama yake. Wiki sita baadaye anakuja akiwa na jina la kanisani. Miezi tisa baadaye bibi anamleta akiwa na jina la ukoo. Kwa kompyuta hao ni watoto watatu. Ongeza tabia yetu ya kuchanganya "r" na "l," Rehema akawa Lehema. Ongeza wingi wa majina yanayoanza na "Mwa" huku kwetu. Ongeza mapacha, ambao mama yao ni mmoja na tarehe ya kuzaliwa ni moja. Kituo cha Mbarali kikimtafuta mtoto kwa jina kisipompata, kinamsajili upya. Sasa ana kumbukumbu mbili, kila moja ina nusu ya chanjo zake, na zote mbili zinaonyesha mtoto asiyekamilisha.

Ya pili ni kanuni ya nani anamfuta nani. Baadhi ya programu zimepangwa hivi: taarifa iliyofika mwisho ndiyo inayoshinda. Kwa namba ya simu ya mzazi kanuni hiyo haina neno. Kwa chanjo ni hatari. Tuseme Jumatatu muuguzi wa Uyole amempa mtoto dozi ya kwanza ya surua, akaiandika, lakini kishikwambi hakijatuma. Jumatano mtoto huyo anapimwa uzito Mbarali, kwenye kishikwambi chenye nakala ya zamani ambayo sehemu ya surua iko wazi. Taarifa ya Uyole inafika Alhamisi, ya Mbarali inafika Ijumaa. Kama programu ni ya kumfuata aliyefika mwisho na inatuma karatasi nzima ya mtoto, ile nafasi iliyo wazi inaifuta chanjo. Hakuna aliyekosea kazi yake, lakini mtoto amepoteza dozi kwenye kumbukumbu.

Chanjo ni tukio. Tukio likishatokea halifutwi na tukio jingine. Yanaongezwa, moja chini ya jingine, kama hisa za VICOBA. Na pakiwa na kosa la kweli, basi lisahihishwe kama tulivyofundishwa kusahihisha jalada la mgonjwa: piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kionekane, andika sahihi, weka tarehe na jina lako. Kompyuta inaweza kufanya hivyo vizuri kabisa, ikiwa aliyeipanga ameambiwa na watu wa afya kwamba ndivyo tunavyotaka.

Ya tatu ni ucheleweshaji usioonekana. Kishikwambi hakina uso wa aibu. Kikiwa na taarifa za leo na kikiwa na taarifa za miezi miwili iliyopita, kioo kinang'aa vilevile. Muuguzi anaona sehemu iliyo wazi, anaamini mtoto hajachanjwa, kumbe ni kishikwambi ambacho hakijaongea na makao makuu. Tena kikizimika chaji kwa muda mrefu, saa yake inaweza kurudi nyuma, na kila anachoandika siku hiyo kinabeba tarehe ya uongo.

Utaniuliza: je, mtoto akichanjwa mara mbili kwa sababu ya kumbukumbu kupotea, anadhurika? Kwa surua, dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Dozi iliyokosekana ndiyo inayoweza kumdhuru. Kwa hiyo pasipo na uthibitisho wowote, tunachanja. Lakini si kila kitu ni cha kurudiwa ovyo. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla hajatimiza miaka mitano, na hayafai kurudiwa kabla ya mwezi mmoja kupita. Na hata pale ambapo kurudia hakuna madhara, ni sindano nyingine kwa mtoto, nauli nyingine kwa mama, na dozi iliyoondoka kwenye chupa ambayo ingemfaa mwingine.

Mgonjwa mtu mzima naye yumo

Wazazi mnisamehe nigeukie kidogo watu wazima, kwa sababu wenzetu wanaotumia ARV wana somo la kutufundisha. Kwenye kliniki za tiba na matunzo, tangu zamani kadi ni mbili: CTC1 anakaa nayo mgonjwa, CTC2 inabaki kituoni. Na namba ya mgonjwa ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za mgonjwa mwenyewe. Angalia akili iliyomo humo. Kituo kilicho mbali kabisa, kisicho na mtandao, kinaweza kumpa mgonjwa namba leo hii bila kumuuliza mtu Dodoma au Dar es Salaam, na namba hiyo haitagongana na ya mtu mwingine popote nchini, mradi kila kituo kinafuata mpangilio wake.

Hata hivyo mfumo huo unavunjika mgonjwa anapohama kimyakimya. Anakwenda shambani msimu mzima, anaona aibu kuomba barua ya uhamisho, anafika kituo kipya na kujisajili kama mgeni. Anapewa namba ya pili. Kituo cha kwanza kinamtafuta kama aliyeacha dawa, cha pili kinamhesabu kama mgonjwa mpya, na makao makuu wanaona watu wawili. Kinachoniuma mimi kama daktari ni kwamba aliyeko mbele yake hajui dawa alizokuwa akitumia, wala majibu yake ya mwisho ya wingi wa virusi. Anaanza kumtibu gizani mtu ambaye historia yake imeandikwa vizuri kilomita mia moja kutoka hapo. Kama ni wewe, nakusihi: beba kadi yako, sema namba yako, omba uhamisho. Huna haja ya kueleza sababu za safari.

Kwa nini kliniki si kama wakala wa simu

Kwa wakala wa fedha, mtandao ukikatika unarudi nyumbani na pesa yako, na ni haki. Salio lako liko makao makuu ya kampuni. Wakala akikupa fedha bila kuuliza, mmoja wenu ataibiwa. Kule ni lazima jibu litoke katikati kwanza.

Chanjo haiko hivyo. Iko kwenye jokofu, hatua chache kutoka ulipokaa. Muuguzi yupo, bomba la sindano lipo, mtoto yupo. Hakuna kitu makao makuu ambacho kinatakiwa kushuka ndipo sindano ichomwe. Kinachotakiwa ni kuandika, na kuandika kunaweza kufanyika kwenye kishikwambi kisicho na mtandao, na kwenye daftari, na kwenye kadi. Basi mama akirudishwa kwa sababu ya mtandao, tumechanganya kazi mbili: kazi ya kutibu na kazi ya kutoa taarifa. Ya pili inamtumikia mgonjwa. Haina mamlaka ya kumzuia.

Na mtandao utakatika. Si huku milimani tu, ambako ukishuka mabonde ya Ileje au kupanda Umalila simu inapoteza minara. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku hizo hata hospitali ya katikati ya jiji ilijua maana ya kuwa kijijini. Mfumo wa afya unaofanya kazi siku ya jua tu haujamaliza kutengenezwa.

Sisi watu wa Mbeya tumeshaonyeshwa njia nyingine. Mwaka 2013 mkoa huu ulitangulia katika mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wa umri chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo mzazi alilazimika kwenda ofisi ya wilaya. Mpango huo ukashusha huduma kwenye vituo vya afya na ofisi za kata: cheti cha kuzaliwa kinaandikwa kwa mkono na mzazi anaondoka nacho bila malipo, na msajili anatuma taarifa kwa simu ya mkononi kwenda kanzidata ya RITA. Mzazi hangojei makao makuu yaamke. Makao makuu ndiyo yanayomngojea mzazi ahudumiwe, kisha yanapokea taarifa. Ndivyo inavyopaswa kuwa kliniki.

Ninachowaomba wenye mamlaka

Kuna wenzangu wanaosema karatasi zimepitwa na wakati, tuzifute ili muuguzi asiandike mara mbili. Nawaelewa. Kuandika jambo moja kwenye kadi, kwenye daftari na kwenye kishikwambi, na foleni imefika nje, ni kazi inayochosha na inayozaa makosa. Lakini suluhisho lianze kwa kupunguza madaftari ya kituo, tena pale ambapo kishikwambi kimethibitika kutuma na kupokea bila kuyumba. Kadi ya mzazi iwe ya mwisho kuguswa, kwa sababu ndiyo nakala pekee inayosafiri na mtoto. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ninaomba mambo manne. La kwanza, iwe amri iliyobandikwa ukutani: hakuna mtoto wala mgonjwa anayerudishwa kwa sababu ya mtandao wakati huduma yenyewe ipo. La pili, kila kishikwambi kionyeshe kwa maandishi makubwa tarehe ya mwisho kilipooanisha taarifa, na mganga mfawidhi aikague kila wiki kama anavyokagua joto la jokofu la chanjo. La tatu, kila halmashauri iwe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye kazi ya kukaa na orodha ya majina yanayojirudia na taarifa zinazogongana, akapiga simu vituoni mpaka ukweli ujulikane. Kompyuta inaweza kusema "hawa wawili wanafanana"; kusema "huyu ni mmoja" kunahitaji mtu.

La nne ndilo zito kuliko yote. Taarifa zisipande tu, zishuke pia. Kwa miaka mingi kituo cha pembezoni kimekuwa kikituma kwenda juu mwezi baada ya mwezi, na kinachorudi ni lawama za kuchelewa. Muuguzi akiona kwamba anachoandika Uyole kinamsaidia mwenzake wa Mbarali, na cha Mbarali kinamfikia yeye asubuhi kabla kliniki haijaanza, hutahitaji kumsukuma aandike vizuri. Ataandika kwa sababu kesho yeye ndiye atakayesoma.

Na taarifa zinaposhuka kwenye vifaa vingi, ulinzi uongezeke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kishikwambi kisicho na nywila, kilichoachwa dirishani, ni sawa na kuacha majalada ya mtaa mzima barabarani. Sheria hiyo inakupa wewe haki ya kujua kilichoandikwa kukuhusu na kuomba kisahihishwe kikiwa na makosa.

Wewe mzazi, fanya haya

Beba kadi kila uendako na mtoto, hata kama safari si ya kliniki. Itunze kwenye mfuko wa nailoni. Mvua za huku mnazijua. Piga picha pande zote za kadi kwa simu yako kila baada ya mahudhurio, na mtumie baba au bibi. Kadi ikipotea, picha hiyo inaweza kutuokolea mengi.

Chagua jina moja la mtoto na ulitumie kila mahali, lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa herufi zilezile. Kama mwanzo aliandikwa "mtoto wa," mwambie muuguzi abadilishe kwenye kumbukumbu ileile, asifungue mpya. Ukihamia kituo kingine, sema kabla hujaulizwa: "Mtoto huyu amesajiliwa Uyole." Sentensi hiyo fupi inamfanya muuguzi atafute kabla ya kusajili.

Ukibadilisha namba ya simu, sema. Laini uliyoiacha muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na ujumbe kuhusu mwanao ukaenda kwa mtu usiyemjua.

Mtoto akichanjwa kwenye kampeni, kama ile ya surua na rubella ya Februari 2024, omba iandikwe mahali. Wino kidoleni hufutika. Na wewe mama mjamzito, chanjo zako za pepopunda ni tano kwa jumla, na zinahesabika hata kama ulizipata kwenye mimba iliyopita; kadi yako ya zamani ikitunzwa, hatuanzi upya.

Na kadi yako ikisema mtoto amechanjwa, kishikwambi kikisema hajachanjwa, usikubali suala liishe kwa "mfumo unasema." Onyesha tarehe, omba kwa heshima iingizwe, na usiondoke kabla hujaona imeandikwa. Kisha uliza swali ambalo ningependa lizoeleke dirishani kama tunavyouliza bei sokoni: "Samahani dada, kishikwambi hiki kimeoanisha taarifa lini mara ya mwisho?" Muuguzi mzuri hatakasirika. Atageuza kioo, ataangalia tarehe, na kama ni ya zamani, wote wawili mtajua kwamba siku hiyo kadi iliyo mkononi mwako ndiyo inayosema ukweli.